Kilo Mia Moja na Themanini

"Jirani, toka kwenye hilo shimo kabla sijakumwagia maji ya moto!"

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti chini kabisa ya bwawa la kuogelea la wapangaji, kavu sasa, akinyoosha tepu ya kupimia. Mwanamke wa namba tano alisimama ukingoni, mikono kiunoni. Huko juu kwenye roshani watu walishatoka na viti vyao.

"Wameanza tena," alisema mmoja, akimenya chungwa.

"Wiki ya tatu hii unapima!" mwanamke aliendelea. "Urefu kumi na mbili, upana sita, kina mbili. Haya, lita ngapi?"

"Laki moja na elfu arobaini na nne."

"Na ukishazijua hizo lita, mwanangu atarudi?"

Fundi akaanza kukunja tepu.

Kila mpangaji alikuwa na lake kuhusu siku ile. Kwamba bwawa lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kutolewa maji ili lisuguliwe. Kwamba wavu wa tundu la chini ulikuwa umefunguliwa, mtoto akapiga mbizi, tundu likamnasa mgongo. Kwamba mama mtu alijirusha na nguo zake, akavuta, akavuta, mwisho akaibuka peke yake. Wapo waliosema mama mwenye uchungu haachii. Maneno ya bombani hayo. Yalimfikia kabla ndoo haijajaa.

Ukuta wa namba sita ni mwembamba. Fundi, aliyehamia humo wiki ileile na godoro la kuazima, alimsikia mama huyo kila alfajiri akiisema mikono yake: "Mliachia kwa nini? Mliachia kwa nini nyie?"

"Nakujua," mwanamke alisema. "Unatafuta hesabu ya kujisafisha."

Fundi alipanda ngazi taratibu, daftari kwapani.

"Lita si kitu," alisema. "Ziwe elfu, ziwe laki, kinachokandamiza ni kina. Kwa mita mbili, kila mita ya mraba ya sakafu imebeba kilo elfu mbili. Tundu lile ni sentimita thelathini kwa thelathini." Akafungua daftari. "Lilimshika kwa kilo mia moja na themanini. Wanaume watatu wasingembandua pale. Hukuachia wewe. Unanisikia? Hukuachia."

Mwanamke alimkazia macho.

"Na koki ya kutolea maji nani aliifungua?"

"Mimi."

"Na wavu?"

"Mimi. Nikaenda kupokea simu, nikanogewa na maongezi."

Alimpa daftari. Ukurasa wa kwanza hesabu, wa pili maelezo yake mwenyewe, koki, wavu na simu, bila kujitetea, sahihi chini. "Kesho napeleka kituoni," alisema. "Nilitaka wewe usome kwanza."

Mwanamke alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Akarudia.

Kisha akamrudishia daftari lake, akavuka uwanja, akaingia namba tano. Mlango hakuufunga. Fundi alibaki amesimama juani, hajui aende wapi, akisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Ingia ule, mume wangu," sauti ilitoka ndani. "Ila kiti cha mwanao usikisogeze."