Kigari cha Kwenye Mtungi

Siku hizo kila mtoto akitimiza miaka mitatu hupandikizwa kichwani kidude kiitwacho mwalimu, akawa anafundishwa mchana kutwa na usingizini pia. Shufaa alikuwa na miaka sita mama yake, Mwanakombo, alipompeleka makumbusho kuona vyombo vya udongo vya Wagiriki wa kale.

Kwenye mtungi mmoja mdogo palichorwa mtoto mnene, uchi, akikokota kigari cha magurudumu mawili huku kijibwa kikimrukia.

"Anapeleka nini?" Shufaa aliuliza.

"Hapeleki kitu, mwanangu. Anacheza."

Shufaa akainamisha kichwa, kama afanyavyo kila anapomsikiliza mwalimu wa kichwani. "Mwalimu anasema ndivyo walivyojifunza watu wasiokuwa na mwalimu."

Waliporudi nyumbani, Mwanakombo alitoboa kopo la maziwa, akalitia magurudumu ya vizibo na kamba, akampa. Shufaa aliligeuzageuza, akanyoosha gurudumu lililopinda, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Tayari, mama. Sasa linakwenda sawa."

Mwanakombo akapiga magoti. Alilikokota kopo chini ya meza, akinguruma kama lori, akipiga honi kwa mdomo, akiizunguka miguu ya bintiye. Alicheka ili Shufaa naye acheke. Akazunguka tena na tena, hata akaacha kucheka.

Shufaa hakusogea. Alimngoja amalize, kisha akainama, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akauliza taratibu:

"Mama, unaumwa wapi?"