Vigelegele vya Mapema

Tangu bangili zianze kuandika kwa mwanga kile mtu anachokwenda kufanya, jiko la harusi limekuwa ngoma tupu. Siku ya harusi yangu wanawake walijazana uani kupika pilau, na hakuna aliyemgonga mwenziwe. Bangili ya Shangazi Bimkubwa ikiandika "naepua sufuria", watu wanampisha huku wanaimba. Hajanyoosha mkono, tambara keshapewa. Nilikuwa nawachungulia dirishani, nikacheka hadi wanja ukanichuruzika.

Kisha baba akaingia chumbani kwangu na mashahidi, kanzu mpya, Shangazi nyuma yao.

"Raya, mwanangu, umeridhia nikuoze kwa Khelef?"

Nikavuta pumzi. Jibu hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mwezi mzima mbele ya kioo.

Shangazi akaitazama bangili mkononi mwangu, akapiga kigelegele. Nyumba nzima ikamwitikia. Baba akanibusu kipaji cha uso, akatoka mbio kwenda kunioza.

"Shangazi, mbona sijasema!"

"Ushasema, mama. Tumesoma sote."

Nilicheza mpaka udi ukaisha chetezoni, maana Khelef nampenda kweli. Ila lile "nimeridhia" langu bado ninalo mdomoni, na hakuna anayelingoja.