Bango la Nne

Mamake Sabir alilitandaza bango la nne juu ya meza ya fundi wa kuchapa, dukani Kibokoni, akalikandamiza kwa viganja lisijikunje. Picha ya mwanawe ilikuwa kubwa kama msala wa kuswalia, na chini yake neno moja: AMEPOTEA. Mabango matatu ya karatasi yalikuwa yameshaliwa na mvua pale Makupa.

“Hili litie plastiki,” alisema. “Nimechoka kubandika.”

Fundi aliwasha mashine ya kutia plastiki. Ilipokuwa ikipata moto, aliupangusa uso wa Sabir kwa kitambaa, toka paji hadi kidevu, kwani unywele mmoja ukinaswa ndani hautoki tena.

Ncha ya bango ikaingia. Nywele za Sabir zikatokea upande wa pili, ziking'aa.

“Sasa utapumzika, Mama Sabir,” fundi alimliwaza. “Hili halijui mvua wala jua. Miaka mitano litakuwa pale pale.”

Miaka mitano ya AMEPOTEA. Mama akayaona macho ya mwanawe yakisogea kwenye mdomo wa mashine.

“Simamisha, fundi.”

“Litaharibika.”

“Na liharibike. Nichapie jingine, la karatasi tu.”