Rekodi Mbili za Marehemu

Siku mumewe alipofariki, mjane hakuulizia sanda wala jeneza. Aliulizia simu. Ilikuwa chini ya mto, kioo kimepasuka, betri imevimba kama shavu lenye jino bovu. Alipoiwasha na kukuta rekodi zote mbili zimo, ndipo akakaa chini akalia.

Mwezi mmoja baadaye alikuwa kwenye ofisi ya usajili wa muziki, simu kaiweka ndani ya soksi, shemeji yake pembeni kanuna. Huyu mdogo wa marehemu ndiye aliyetakiwa kutia saini kwa niaba ya familia. Bila saini hakuna namba, na bila namba albamu haipandi mtandaoni. Ingebaki kwenye simu ile, ambayo siku hizo ilikuwa ikizimika yenyewe mara nne kwa siku.

"Majina ya nyimbo?" karani aliuliza.

"Ya Kwanza na Ya Pili."

"Hakutaka kuumiza kichwa. Vyombo?"

Mjane alifikiri kidogo. "Vya kupuliza."

Shemeji aliangalia dari.

Karani alimgeuzia kompyuta. "Mama, hii mistari myeusi yenye tarakimu ni namba ya albamu nzima. Lakini kila rekodi ina namba yake, na hiyo namba haipewi rekodi nyingine. Sasa hizi zako naona wimbo ni uleule, na urefu uleule. Niweke namba moja, tumalize?"

"Usithubutu. Kwenye Ya Pili alikuwa na mafua. Sauti inatoka chini kabisa, inakatika, unadhani ndiyo imekwisha, halafu inarudi kwa kishindo."

"Basi ni rekodi mbili, namba mbili." Karani aliandika kwa heshima. "Alikuwa anapiga wapi?"

"Nyumbani. Miaka thelathini na moja, hakukosa hata siku moja."

"Na wasikilizaji?"

"Mimi. Majirani walisikia bila kiingilio."

"Walilalamika," shemeji alisema. "Mwenye nyumba alituma barua mbili. Shemeji, kweli unataka dunia nzima itucheke? Kaka hakuwa mwanamuziki."

"Wewe ulimsikia kabla yangu."

"Na nilikuwa nampiga mateke."

Karani alitikisa kichwa. Wasanii na ndugu zao alikuwa amewaona wengi.

Mjane aliitoa simu kwenye soksi, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa imezima tena. Alibonyeza, wakangoja wote watatu. Haikuwaka. Alibonyeza tena, ikawaka.

"Siku isipowaka, shemeji, sitamsikia tena," alisema. "Wala wewe."

Shemeji alimtazama karani, akaitazama ile betri, akavuta kalamu. Alitia saini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Andika na jina la ukoo," alimwambia karani kwa sauti ya chini. "Wajue ni wetu."

Albamu ina wiki mbili sasa hewani, na namba zake tatu. Mjane hubonyeza Ya Pili, huweka simu mpya kwenye mto wa upande wa ukutani, na mumewe akishaanza kukoroma, naye hulala.