Redio Nzima

Rehani, fundi redio, alipiga simu kituoni kutoa maoni yake: kipindi cha asubuhi cha fidla na piano kinawalaza watu wakati wa kwenda kazini, kiondolewe. Juma lililofuata kikaondolewa, naye akatamba mtaa mzima.

Siku ya tatu jirani yake, Bi Mgeni, akaja na redio kifuani.

"Nitazamie, mwanangu. Saa moja haitoi tena ule muziki. Mzee wangu, tangu apooze, hali chakula mpaka ausikie. Sasa amegeukia ukutani."

Rehani akaiwasha. Ilikuwa nzima, inanguruma matangazo ya sabuni. Uso ukamwiva. Angeweza kusema ina hitilafu ndani.

"Redio haina kosa, mama. Ni mimi niliyewaambia wa kituoni wakiondoe kipindi hicho."

Bi Mgeni akamtazama kama mtu asiyemfahamu, akachukua redio yake, akaondoka.

Rehani akamfuata. Chumbani kwa mzee akaketi kando ya kitanda, akashika bakuli la uji lililokuwa halijaguswa.

"Nisamehe, baba."

Mzee hakugeuka. Mkono wake mzima tu ndio uliopapasa shuka, polepole, kama unaotafuta redio.