Kona ya Mnyororo

Sikitu alitandaza tyubu kuukuu kwenye sakafu ya karakana, akaikunja kona baada ya kona mpaka ikawa barabara ya mlimani ambayo klabu yao ya baiskeli ingeipanda Jumapili. Kizibo cha soda alikiweka pale ambapo hoteli ilikuwa imeifunga njia ya zamani kwa mnyororo.

"Hapo tunakata kulia, tunafuata lami mpya," alisema Lutengano, fundi wa klabu. "Mteremko mtamu, dada'angu, na bonde lote unaliona."

"Tunanyoosha."

"Kwenye mnyororo? Utaruka kama mbuzi?"

"Baiskeli hubebwa begani. Njia ile babu zetu waliichimba huku wakichapwa viboko. Leo hoteli inadai njia haina wapitaji, eti ipewe iwe bustani yake. Basi Jumapili itawaona wapitaji."

Lutengano alicheka, halafu akaacha.

Sikitu aliinyoosha tyubu juu ya kizibo. Ikajirudi kulia, ilikozoea kukunjwa. Akainyoosha tena, akaikanyaga, lakini ncha yake ikainuka.

Lutengano alivua ndala, akaikanyaga ile ncha. Chini ya nyayo zao, mpira ulikuwa bado unavuta kulia.