Swali la Chuma

Masoudi alishavua pete, mkanda, hata hirizi ya kiunoni, lakini jasho bado lilimtiririka. Teodosia, mpiga picha wa hospitali, alimweleza taratibu: atadungwa dawa ya kung'arisha mishipa, ataingizwa kwenye mtambo wa sumaku, na akiambiwa abane pumzi, abane. Mishipa ya moyo itaonekana yote.

"Yote?"

"Yote, mzee. Hakuna unaojificha."

Hilo ndilo lililomtisha. Daktari wa Nachingwea alimwandikia kipimo hiki kwa sababu ya kifua kilichombana kila alfajiri. Masoudi hakumwambia kwamba kila alfajiri pia alisikia mwanamke akipiga yowe.

Mkewe, Saada, alikuja akichechemea, akaketi kando yake, akamshika mkono. Mguu ule, kwa alivyomweleza mumewe, aliuumiza kwenye kisiki, enzi za usichana wake kijijini kwao Chunyu. Alikuwa ameomba aingie naye chumbani amshike hivyo hivyo, na wakamkubalia.

La kuvunda halina ubani. Masoudi aliogopa kufia mle ndani na siri yake, akamnong'oneza mkewe yote. Mwaka mmoja kabla hajamwoa, wezi walikuwa wakimmalizia korosho zake kule Mandawa. Akashindilia gobole vipande vya nondo, akaenda kuvizia shambani. Kulipopambazuka, ukungu ukiwa mzito, aliona kivuli kimeinama chini ya mkorosho. Akafyatua. Likatoka yowe la mwanamke. Alipopata ujasiri wa kusogea, alikuta kikapu na damu tu. Kwa miezi alitega sikio misibani, Mandawa mpaka Narung'ombe, na hakusikia lolote.

"Niliua mtu, Mama Halfani," alisema. "Mwaka wa ishirini na mbili huu, bado ananililia."

Saada hakushtuka. Tangu aolewe hakuwahi kulikanyaga shamba lile. Siku zote alisema lina mashetani. Masoudi aliinamisha kichwa, akasubiri mkono wake uachiwe. Haukuachiwa.

Teodosia akarudi na fomu. Alisema anayemsindikiza mgonjwa naye huulizwa, maana sumaku haichagui mtu.

"Mama, una chuma chochote mwilini?"

"Kipo kimoja, pajani," alisema Saada. "Kipande cha nondo. Jumla vilikuwa vingapi, muulize huyu aliyeshindilia gobole."